Mugunga: Walinzi wa mbuga wamsimamishe nani kwanza?

Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma – Tarehe 21 Aprili 2025, Mbuga ya Taifa ya Virunga ilitimiza miaka 100. Gorila wake wa milimani husifiwa kama fahari ya Kongo. Lakini kwa maelfu ya familia za wahami wa vita zilizokuwa Mugunga, Lushagala, Bulengo, Lac Vert na Rusayo, mbuga hiyo ilikuwa na jina lingine: mahali pa kuni. Ulikuwa msitu ambamo mama aliingia asubuhi na panga na kamba, bila kujua kama jioni atarudi na mzigo, atarudi mikono mitupu, au hatarudi kabisa.

Kati ya mama huyo na msitu huo, Serikali imeweka taasisi moja: ICCN, yaani Taasisi ya Kongo ya Kulinda Mazingira ya Asili. Ndiyo yenye walinzi wanaovaa sare na kubeba bunduki ndani ya mbuga. Ndiyo yenye mamlaka ya kukamata, kunyang'anya na kupeleka mtu mbele ya sheria. Kazi yake ni ya lazima, na anayesema ICCN ifungwe anasema Virunga igawanywe kati ya wenye silaha.

Swali linalofaa kuulizwa Mugunga leo ni lingine. Walinzi hawatoshi kusimama kila mahali, kwa hiyo wanaanza na nani? Ikiwa mlinzi anamsimamisha mwenye mzigo wa kuni kichwani, huku lori lenye magunia ya makala linapita usiku, basi sheria imegeuzwa juu chini. ICCN haifai kupimwa kwa wingi wa panga na kuni ilizonyang'anya. Inafaa kupimwa kwa ukubwa wa mizigo inayoizuia na kwa nguvu za watu inaothubutu kuwagusa.

Kazi ambayo watu wengi hawajaelezwa

Virunga ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza kabisa barani Afrika. Iliundwa kwa amri ya mfalme Albert wa Ubelgiji mwaka 1925, ikaitwa kwa jina lake. Ina eneo la kilometa za mraba karibu 7,800, kuanzia volkano zilizo juu ya Goma hadi barafu za mlima Ruwenzori. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaiandika katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hadi leo haijatolewa humo.

Taasisi inayoilinda imebadilisha majina pamoja na nchi. Ilikuwa ya Kibelgiji, ikawa ya Zaire, na tangu 1997 inaitwa ICCN. Iko chini ya wizara ya mazingira. Inafanya kazi chini ya sheria mbili ambazo watu wengi hawajawahi kusomewa. Ya kwanza ni sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Ya pili ni sheria ya kulinda mazingira ya asili ya tarehe 11 Februari 2014, iliyochukua nafasi ya ile ya 1969.

Kwa ufupi, sheria ya uwindaji haisemi kwamba kila uwindaji ni kosa. Inasema mnyama wa porini ni mali ya taifa, na anayetaka kuwinda nje ya maeneo yaliyolindwa anahitaji kibali. Kuna wanyama ambao hakuna kibali kinachoweza kuwagusa, kama gorila, sokwe na okapi. Ndani ya mbuga ya taifa, hakuna anayeruhusiwa kuwinda, awe mkulima, mwanajeshi au tajiri kutoka Kinshasa. Mbali na mbuga, kuna pia yale yanayoitwa maeneo ya uwindaji, kama lile la Rutshuru, ambayo nayo yako mikononi mwa ICCN na yana masharti yake.

Ni wangapi katika Mugunga wanaoweza kueleza tofauti hiyo? Mkulima wa Masisi aliyekimbia vita akakuta amelazwa juu ya mawe ya volkano hajui kibao cha mwisho wa mbuga kiko wapi. Huenda kibao chenyewe kilikwisha kuwa kuni. Kwake yeye, ICCN ni mtu mwenye bunduki anayetokea kati ya miti na kumwambia tupa mzigo. Taasisi inayojulikana kwa njia hiyo peke yake haiwezi kupendwa, hata ikiwa inasimamia haki.

Kiboko aliyeuawa na samaki aliyepotea

Wako wanaosema wanyama ni mambo ya Wazungu. Hao wangeuliza wavuvi wa Vitshumbi, kwenye Ziwa Edouard.

Katikati ya miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Hakuna mahali pengine Afrika palipojulikana kwa viboko kama hapo. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, kisha mchana anakaa majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo yanalisha vijimea na vidudu vidogo vya majini, na hivyo vinalisha tilapia. Kwa maneno mengine, kiboko alikuwa akibeba mbolea kila siku kutoka nchi kavu hadi ziwani, bila kulipwa.

Kisha zikaja vita. Wanajeshi wasiolipwa mishahara na makundi yenye silaha waliwapiga viboko risasi kwa ajili ya nyama na meno yao. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, walibaki chini ya 1,000. Mavuno ya samaki nayo yalishuka. Uvuvi wa nyavu zenye matundu madogo na mitumbwi isiyo na ruhusa ulichangia, lakini kupotea kwa viboko kulimwondolea samaki chakula chake. Mama aliyekuwa akinunua samaki wa Vitshumbi sokoni Goma alilipia risasi zile bila kujua.

Hilo ndilo jambo la kukumbuka kuhusu uwindaji haramu katika Virunga. Hasara yake kubwa haikuletwa na mzee mwenye upinde, wala na kijana anayetega kamba ili apate kitoweo, ingawa mitego ya kamba nayo ni mibaya, kwa kuwa haichagui na inaweza kukata mkono wa gorila mdogo kama inavyonasa swala. Hasara kubwa ililetwa na watu wenye bunduki za vita, na nyama ilisafirishwa ikauzwa na wafanyabiashara. Aliyekuwa maskini kabla ya viboko kuuawa alibaki maskini baadaye.

Mugunga imekwisha kuiona hali hii

Wakaaji wa zamani wa Mugunga hawahitaji kuambiwa nini kinatokea watu wengi wanapowekwa kando ya msitu bila kuni. Julai 1994, katika siku chache, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda. Kambi zilijengwa Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo na Lac Vert, zote kando ya mbuga au karibu nayo sana. Kila siku, maelfu kwa maelfu ya watu waliingia msituni kukata kuni. Katika miaka miwili, zaidi ya kilometa za mraba 100 za msitu ziliharibiwa, na sehemu ya eneo hilo ikabaki wazi kabisa.

Walinzi walijaribu kuzuia. Ni nani angeweza kuzuia umati kama huo kwa bunduki chache? Kilichopunguza uharibifu kidogo ni pale HCR na mashirika mengine yalipoanza kuleta kuni kwa malori kutoka mashamba ya miti nje ya mbuga, na kugawa mbabula zinazotumia kuni chache. Yaani msitu ulipata nafuu pale mtu alipopata njia nyingine ya kupika.

Somo hilo liliandikwa katika ripoti nyingi. Baadaye wahami walirudi Mugunga mara kwa mara: mwaka 2007, mwaka 2008, na tena baada ya vita vya M23 kuanza upya mwishoni mwa 2021. Kila mara, shitingi zilifika, unga ukafika, maharagi yakafika. Kuni hazikufika, au zilifika kidogo, zikakatika.

Maharagi makavu yanataka saa nyingi juu ya moto. Anayempa mama kilo za maharagi bila kumpa cha kuyapikia amemwambia, bila kutamka, aende mbugani. Na msitu si mahali salama. Katika wiki mbili za mwisho za Aprili 2023, Madaktari Wasio na Mipaka waliwapokea zaidi ya wahanga 600 wa ubakaji katika kambi zilizo kandokando ya Goma. Wengi wao walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Mwanamke anayejua habari hizo na bado anaingia msituni hafanyi hivyo kwa kudharau sheria. Watoto wake hawajala.

Kumkamata mtu huyo kama jangili ni kukosea mtu.

Wavu unaokamata sambaza peke yake

Makala yanayopikia Goma ni biashara kubwa. Sehemu kubwa yake, kwa miaka mingi, imetoka katika miti ya Virunga. Mti hukatwa, hufunikwa udongo, huchomwa siku kadhaa, magunia hujazwa, kisha husafirishwa. Hakuna mama wa kambini anayeweza kuendesha kazi hiyo peke yake. Inataka wakataji, wachomaji, wenye malori, vizuizi barabarani, na mtu wa kulinda yote kwa silaha.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao jinsi FDLR na makundi mengine walivyojipatia pesa kwa kutoza kodi wachomaji na wasafirishaji wa makala. Jina la kundi hubadilika kulingana na nani anayeshika kilima. Kodi haibadiliki. Kila anayenunua gunia Goma ameilipa, apende asipende, kwa sababu iko ndani ya bei.

Wala taasisi yenyewe haikuwa nje ya mambo hayo siku zote. Mwaka 2007 gorila kadhaa, pamoja na dume kubwa la familia ya Rugendo, waliuawa kwa risasi. Miili iliachwa pale pale, bila kuchukuliwa nyama wala watoto. Dunia nzima iliona picha za wanakijiji na walinzi wakibeba dume lile kwenye machela ya miti. Mwaka 2008, aliyekuwa mkuu wa mbuga alikamatwa, akituhumiwa kuhusika na mauaji hayo na biashara ya makala. Haisemwi hapa ili kuwachafua walinzi wote. Inasemwa kwa sababu inaonyesha wapi hatari ilipo. Pesa za makala zikiwa nyingi, zinaweza kumfikia hata mwenye funguo za mlango.

Wavuvi wa Ziwa Kivu wanajua wavu wa sambaza: matundu yake ni madogo, unakamata samaki wadogo tu, na hutumiwa usiku kwa taa. Ni wavu mzuri kwa sambaza. Lakini taasisi ya Serikali ikitumia wavu huo peke yake, itajaza ndoo kila siku na kuripoti kwamba imefanya kazi, huku wakubwa wakiogelea pembeni.

Walinzi nao wana machozi yao

Haki inataka upande wa pili usemwe pia. Zaidi ya walinzi 200 wamepoteza maisha katika historia ya Virunga. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, shambulio moja liliua watu 17, na 12 kati yao walikuwa walinzi. Januari 2021, walinzi wengine sita waliuawa. Mei 2018, mlinzi mwanamke wa miaka 25 aliuawa alipokuwa akijaribu kuwalinda watalii. Mkurugenzi wa mbuga mwenyewe, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani kati ya Rutshuru na Goma Aprili 2014, akapona.

Wengi wa walinzi hao si wageni. Ni vijana wa Rutshuru, Masisi, Nyiragongo, Lubero na Beni. Wana mama zao, na baadhi ya mama hao walikuwa kambini wakitafuta kuni kama wengine. Mlinzi anapoingia msituni hajui kama moshi anaouona mbele ni wa mchoma makala au wa kundi lenye mitutu. Kumtaka awe mpole ni rahisi kwa aliyekaa mjini.

Na kazi yao imezaa matunda. Gorila wa milimani, ambao miaka ya 1980 walihesabiwa kuwa mia chache tu, leo wamepita 1,000 katika Kongo, Rwanda na Uganda kwa jumla. Mwaka 2018 waliondolewa katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Waliokolewa na watu waliotembea milimani kila siku, hata vita vilipokuwa vinaendelea, wakikata mitego na kuhesabu wanyama.

Ndiyo maana lawama ya jumla haifai. Tatizo ni amri anayopewa mlinzi, na kile anachokosa mkononi pale anapokutana na maskini. Leo mlinzi ana chaguo mbili tu: amwache mama apite, au amnyang'anye. Serikali na wafadhili hawajampa chaguo la tatu.

Wanaosema watu kwanza, na wanaosema sheria ni sheria

Katika mazungumzo ya Mugunga, sauti mbili husikika.

Ya kwanza inasema: watu kwanza, wanyama baadaye. Mtu aliyelala chini ya bomu hana nafasi ya kufikiria gorila. Nani anaweza kukataa? Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wahami hapa Mugunga na Lac Vert, yakaua watu, watoto wakiwemo. Baada ya siku kama ile, kumhubiria mtu habari za tembo ni kukosa adabu. Lakini sauti hiyo inasahau kwamba watu na mbuga hawasimami pande mbili. Msitu ukiisha, mvua haitanyesha vizuri juu ya mashamba ya Rutshuru na Masisi, ambayo familia hizi zilitarajia kurudia. Mto ukikauka, umeme unaotoka katika mitambo ya maji kando ya mbuga, kama ule wa Matebe ulioanza 2015 na unaofika hadi Goma, utapungua. Anayemaliza msitu akiwa kambini anamaliza shamba lake la kesho.

Ya pili inasema: sheria ni sheria, ukimwachia mmoja, kesho wataingia elfu. Sauti hii nayo ina ukweli, na mwaka 1994 ni shahidi. Lakini mwaka huo huo unashuhudia pia kwamba katazo peke yake halikuzuia kitu. Watu hawakuacha kuingia kwa sababu ya kukatazwa. Walipunguza pale walipopata kuni nje. Kwa hiyo mwenye kupenda sheria kweli angepigania mbabula na lori la kuni kwa nguvu ile ile anayopigania doria.

Yanayoweza kufanywa bila kungoja amani

Kwanza, kuni au makala halali yahesabiwe kuwa sehemu ya chakula. Shirika linalogawa maharagi ligawe na cha kuyapikia. Mashamba ya miti yapo: tangu 2007 mradi wa WWF unaoitwa EcoMakala umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya kuchoma. Kununua kwa wakulima hao kungewapa pesa wao, kungewapunguzia wahami hatari, na kungeupumzisha msitu. Mbuga yenyewe iliwahi kujaribu miaka ya 2009 na 2010 kutengeneza makala ya takataka zilizogandamizwa kwa mashine za mkono. Mradi ule ungestahili kufufuliwa.

Pili, sheria isomwe kwa lugha ya watu. Redio za Goma zilisikika hadi kwenye kibanda cha mwisho cha shitingi. ICCN iseme huko, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini: mbuga inaanzia wapi, nini kimekatazwa, mtu akikamatwa anapelekwa wapi na ana haki gani. Na iseme wazi neno moja ambalo litaleta heshima kuliko hotuba kumi: hakuna faini bila risiti. Pesa inayotolewa msituni bila karatasi ni rushwa, na mwenye kuidai ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote.

Tatu, mizigo mikubwa ihesabiwe hadharani. Kila mwezi wakaaji waambiwe ni malori mangapi ya makala yamezuiwa, ni silaha ngapi zimekamatwa, ni wafanyabiashara wangapi wamefikishwa mahakamani na hukumu ilikuwaje. Ikiwa orodha itakuwa na majina ya akina mama peke yake, kila mtu ataona wavu ni wa namna gani.

Nne, majirani wapate fungu linaloonekana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda inarudisha kwa serikali za mitaa jirani asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani. Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii ya mbuga zake kwa miradi ya vijiji vinavyozizunguka. Kongo sasa haina watalii wengi, kwa sababu ya vita. Lakini kanuni inaweza kuandikwa leo, ili siku watalii watakaporudi Nyiragongo na Rumangabo, mwanakijiji asiambiwe kusubiri tena. Vile vile mkulima ambaye nyati au tembo amemaliza shamba lake hawezi kuendelea kuambiwa pole tu. Mwaka 2020 tembo mamia kadhaa walivuka kutoka Uganda kurudi Virunga, na wapenda wanyama walifurahi. Mkulima wa kando naye angefurahi kama angejua nani atamlipa mahindi yake.

Na wakaaji wana lao

Haitoshi kudai kwa Serikali. Nyama ya porini inayouzwa kwa siri Goma haijiuzi yenyewe, inamnunuzi. Mara nyingi mnunuzi huyo si mhami. Ni mtu mwenye mshahara anayeitafuta kwa ladha au kwa sifa. Kila kipande anachonunua ni mshahara wa bunduki nyingine. Na kina hatari nyingine. Kivu ya Kaskazini ilipitia Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, na zaidi ya watu 2,000 walikufa. Mwaka 2024 mpox ilifika katika kambi zilizokuwa kandokando ya Goma. Magonjwa ya namna hii yanaweza kutoka kwa mnyama wa porini kwenda kwa mtu anayemchuna au kumshika akiwa mgonjwa au amekufa. Katika kambi ambamo familia kumi zinatumia choo kimoja juu ya mawe, ugonjwa mmoja unatosha.

Viongozi wa kambi nao, na wakuu wa mitaa ya Mugunga, walijua nani alikuwa akikusanya kuni za kupikia na nani alikuwa akikodisha vijana kwenda kukata kwa ajili ya kuuza. Kuwaficha hao wa pili nyuma ya migongo ya akina mama si kuwatetea akina mama. Ndiko kunakowafanya wote waonekane majangili machoni pa mlinzi.

Mwaka 1925, amri ya kuunda mbuga ilitiwa sahihi Ulaya, na waliokuwa wakiishi kando ya msitu hawakuwa mezani. Sherehe ya miaka 100 ingekuwa na maana kama meza hiyo ingewekwa Mugunga safari hii: ICCN upande mmoja, wahami na wakulima upande mwingine, na ajenda moja tu ya kuanzia, ambayo ni kuni za kupikia maharagi ya wiki ijayo. Likipatikana jibu la hilo, mlinzi atakayekutana na mtu msituni usiku atajua kwamba si mama mwenye njaa. Hapo ataweza kumsimamisha bila kusita, na Mugunga yote itakuwa upande wake.